Kilo Tatu za Jiwe

Karani alikuwa amefika kwenye neno "risiti", nami nikaweka penseli chini nikumbuke vizuri: alisimama kabla ya neno lile au baada yake? Kabla. Katika maonyesho arobaini na moja ya mchezo wetu hakuwahi kulipata mwenyewe. Angeitazama mizani kana kwamba neno limeandikwa pale, na mimi kwenye kiti changu nyuma ya pazia ningelisema polepole, kwa pumzi ya mtu anayepuliza vumbi kwenye cherehani. Nikaandika "risiti". Nikaandika na kusimama kwake, kwa kistari, kwa sababu watu walicheka hapo.

Nilikuwa naandika juu ya suruali. Yaani paterni ya suruali, ile karatasi ya kahawia ambayo fundi huilaza juu ya kitambaa kabla ya kukata. Maneno ya Karani yote yalikaa kwenye suruali: sehemu ya kwanza mguu wa kushoto, ya pili mguu wa kulia, na yale machache ya sehemu ya tatu kwenye mifuko. Wakulima niliwaweka kwenye mashati ya shule. Mama nilimweka kwenye gauni. Herufi zilikuwa ndogo, za penseli ngumu, upande wa ndani, kisha nilibandika karatasi nyingine juu yake kwa gundi ya pembeni tu. Ukiishika unaona paterni nene ya fundi anayependa vitu vyake vidumu. Kazi hiyo ilikuwa imenichukua miezi kumi na minne, na Jumatano ile ilibaki sehemu moja tu, mkono wa gauni.

Mchezo aliutunga kaka yangu. Uliitwa Jiwe la Mama na habari yake ni fupi. Mama mmoja mkulima anaona kwamba kila akipeleka mavuno kituoni, mizani ya karani inasoma pungufu. Hana mizani yake ya kushindana nayo. Basi anang'oa jiwe la mlangoni kwake, lile la kukanyagia mvua ikinyesha, analibeba kichwani mpaka kituoni na kuomba lipimwe. Linapimwa. Wiki inayofuata analirudisha lile lile. Kila wiki jiwe linazidi kuwa jepesi, na kila wiki karani ana maelezo mapya. Jiwe limekauka. Jiwe limesafiri. Jiwe lina mawazo.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha, mwisho wa sehemu ya tatu, Mama anageuka kuwatazama, anasema maneno yake ya mwisho, na kicheko kinakatika ghafla. Tuliuzungusha mchezo ule msimu mzima, mijini na vijijini. Msimu ulipokaribia kwisha, kwenye kituo kimoja cha kupimia mazao walijipanga watu zaidi ya sitini, kila mmoja na jiwe lake. Hakuna aliyepiga kelele. Walitaka tu mawe yao yapimwe na uzito uandikwe. Wiki iliyofuata vikawa vituo vitatu. Likabandikwa tangazo kwenye mageti yote kwamba ni marufuku kuingia na jiwe la ukubwa wowote. Watu wakalicheka tangazo lenyewe, na hapo ndipo walipokuja kutuchukua.

Nakala za mchezo zilikuwa tano. Zilichomwa uani, nyuma ya ukumbi wetu wa mazoezi, pamoja na nguo nilizoshona na ile mizani ya mbao. Mimi walinihoji siku mbili. Afisa aliniuliza kazi yangu ilikuwa ipi kwenye kikundi, nikamwambia nashona nguo, na maonyesho yakianza nakaa nyuma ya pazia na nakala, mwigizaji akisahau namkumbusha. Akaandika "fundi cherehani". Hilo la pili hakuliona kama ni kazi. Wenzangu waliniita Mnong'ono, na kwa kweli sikuwahi kuwa na sauti kubwa, hata utotoni. Kusoma nilijifunza kwa kufuata kidole cha kaka kwenye daftari lake. Kushona nilijifunza kwa kufumua nguo kuukuu na kuzirudisha zilivyokuwa. Basi nilipoachiwa nikaona mchezo nao ni nguo iliyofumuliwa, ninaweza kuurudisha ulivyokuwa.

Kaka hawakumwachia. Miezi saba baadaye, saa saba mchana, nikiwa natia vifungo, redio ya jirani wa dirisha la pili ikatangaza kwamba amefariki kizuizini kwa homa. Sauti iliyosoma niliijua kuliko ninavyoijua yangu. Ilikuwa ya Mama.

Tulimwita Mama kwa ajili ya mchezo tu, nami nilimzidi miaka sita. Walimshika siku ile ile waliyotushika sisi. Alikaa ndani wiki tatu, na alipotoka akawa msomaji wa taarifa ya habari ya mchana. Watu walisema mengi juu yake. Mimi sikujua walimfanya nini katika wiki zile tatu, kwa hiyo sikuwa na la kusema. Nilichofanya ni kuhakikisha kwamba saa saba ikifika cherehani yangu iko mbioni, mguu wangu haupumziki mpaka saa saba na robo.

Chumba changu kina mlango mmoja na dirisha moja, meza ya kukatia, cherehani, kitanda nyuma ya shuka, na viti viwili. Kimoja ni changu. Cha pili alikuwa akikalia kaka alipokuja kunisomea alichoandika, na sasa wateja hutundika makoti yao pale. Wanakuja, wanainua mikono niwapime, wanaondoka. Kuna siku neno pekee linalonitoka mdomoni ni namba.

Sasa niseme kuhusu ule mkono wa gauni.

Nilikuwa nimeuacha mwisho kwa makusudi. Maneno ya mwisho ya Mama ndiyo yaliyokuwa roho ya mchezo, na nilijua ninayo. Kila mtu alikuwa nayo. Nikalaza karatasi, nikachonga penseli, nikaandika mstari wa Karani unaotangulia, ule wa "Basi lete risiti yako tuone". Nikasubiri maneno ya Mama yaje. Hayakuja.

Nikachonga penseli tena. Yalinijia mistari miwili, mitatu, ile iliyokuwa ikirudiwa na watu mitaani. Baada ya hapo, kimya. Ndipo nilipoelewa kosa langu, na ni kosa ambalo nadhani hawezi kulifanya mtu mwingine yeyote isipokuwa mwenye kazi kama yangu. Mimi nilishika maneno ambayo watu waliyasahau. Karani alijikwaa, nikamwinua, kwa hiyo Karani ninaye mzima mzima. Wakulima walichanganya mistari, ninao. Lakini Mama, yule mdogo wangu, hakusahau hata herufi moja tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Akianza maneno yale ya mwisho mimi nilifunga nakala, nikaweka mgongo ukutani, nikaanza kukunja nguo. Nilikuwa nikikunja mashati kumi na moja mpaka makofi yaanze. Hiyo nilikumbuka sawasawa, mashati kumi na moja. Maneno yenyewe yalipita juu ya kichwa changu mara arobaini na moja, na mimi nikipanga kola.

Na sikuwa na muda. Jirani yangu, muuguzi wa chumba cha tatu, alikuwa amepata kazi ng'ambo na alikuwa anasafiri alfajiri ya Jumapili. Alikubali kuchukua paterni kwenye sanduku lake na kumfikishia rafiki wa kaka mwenye kiwanda kidogo cha kuchapa huko. Hakuuliza mengi. Alisema wakimfungulia sanduku atawaambia fundi wake amemzoea umbo, hataki fundi mwingine amharibie nguo. Baada yake sikumjua mtu mwingine anayeondoka.

Jumatano ile ile jioni nilimuuliza, kama mzaha, kama aliwahi kuuona mchezo wetu.

"Niliuona nikiwa chuoni," akasema. Alikuwa amenyoosha mguu kitandani mwangu akipaka mafuta kisigino. "Nilitoka pale dada, nikaenda moja kwa moja kutafuta jiwe."

"Mama alisema nini mwishoni?"

Akafikiri. Akaacha hata kupaka. "Maneno siyakumbuki," akasema. "Jiwe nalikumbuka. Lilikuwa na doa jeupe hapa."

Hivyo basi ilibaki mtu mmoja tu duniani wa kumuuliza, Mama mwenyewe.

Kumwandikia barua kusingewezekana, na kumpigia simu kazini ni sawa na kuwapigia wao. Lakini fundi anapita popote. Vipimo vyake nilikuwa navyo kichwani: kifua tisini na nne, kiuno sabini na nane, bega thelathini na tisa, mkono mpaka kifundo hamsini na saba. Nilikuwa na kitambaa cha kijani ambacho mteja alikikimbia. Nikakata, nikashona bila kuondoa macho, na Alhamisi saa nne asubuhi gauni lilikuwa tayari, isipokuwa mkono wa kulia niliushikiza kwa pini tu. Nilifanya hivyo kwa akili. Gauni lililokwisha linapokelewa getini na fundi anarudishwa. Gauni lenye pini ni lazima lijaribiwe, na mwenye kulijaribu ni lazima aje kwa fundi.

Jengo la redio lina geti la chuma na kibanda cha mlinzi. Mlinzi alilishika gauni kwa vidole viwili, akaligeuza, akanitazama.

"Mama, hili gauni lina mkono mmoja."

Nikamwambia ni miwili, wa pili unasubiri mwenyewe.

"Huyu bibi anasikika nchi nzima, wewe unamletea gauni nusu. Utafungwa." Akacheka alichosema, kisha akaacha kucheka, akanyanyua simu.

Alishuka baada ya nusu saa. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta amenenepa au amekonda, nimkute na kitu cha kumlaumia. Alikuwa vile vile, ila nywele amezikata karibu na ngozi. Alinitazama kama anavyotazamwa fundi. Akachukua gauni, akalipima kifuani mbele ya mlinzi, akaugusa mkono wa pini.

"Huu utanibana," akasema, kwa ile sauti ya saa saba. "Kesho nitapita kwako ulirekebishe. Bado uko pale pale?"

Nikasema niko pale pale. Akarudi ndani na gauni. Mlinzi akaniambia nina bahati, wengine huwarudisha.

Ijumaa sikukata kitambaa chochote, nisije nikakiharibu. Saa saba ilipofika sikukanyaga cherehani. Nilisikiliza taarifa yote, ya kwanza tangu ile ya kaka. Alisoma kuhusu barabara, kuhusu mgeni aliyefika, kuhusu bei mpya za mbegu. Alisoma vizuri sana. Ukisikiliza huwezi kujua kama mtu yule anaamini au haamini, na nikafikiri labda hicho ndicho wanachomlipia.

Saa nane na dakika kumi gari la ofisi lilisimama barabarani. Aliingia na gauni mkononi, akafunga mlango, akabaki amesimama katikati ya chumba. Alitazama kiti cha pili. Nikaondoa koti la mteja lililokuwa pale, lakini hakukaa.

"Dereva nimempa nusu saa," akasema. "Amezoea wanawake na mafundi wao."

Nikamwambia avae, ili likitokea lolote tuwe katika kazi. Akavaa nyuma ya shuka. Nikapiga magoti na pini mdomoni, na kwa kuwa nilikuwa na pini mdomoni yeye ndiye aliyeanza.

Alisema lile tangazo la kifo cha kaka alipewa dakika kumi kabla. Alisema aliomba aruhusiwe kuja kunieleza kwanza mimi, asome baadaye, nao wakacheka, wakamuuliza kama anataka na posho ya safari. Alisema alilisoma mara moja kimoyomoyo, kisha akalisoma hewani. Sauti yake haikutetereka alipokuwa akinieleza. Sijui kama ilikuwa kweli. Sikuwa na namna ya kujua, na alikuwa amevaa gauni langu na bega lake lilikuwa chini ya mkono wangu, lina joto kama la mtu yeyote. Nilichomeka pini iliyofuata.

Halafu nikatoa pini mdomoni nikamweleza ninachotaka, na habari ya muuguzi atakayebeba paterni. Nilimwonyesha suruali, mashati, mwili wa gauni. Nikainua pembe ya karatasi akaona mwandiko. Alisoma mistari ya Karani akafika kwenye kile kistari kabla ya "risiti", na akacheka kwa pua, kidogo tu, kama mtu aliyesahau jinsi ya kucheka.

"Mpaka kusimama kwake umeandika."

"Watu walicheka hapo."

"Walicheka." Akairudisha karatasi mezani. "Kwa hiyo unayo yote."

Nikamwambia sina ya kwake. Nikamweleza na sababu, ile ya kukunja mashati. Nilitarajia achukie. Mwigizaji kuambiwa kwamba wakati wake mkubwa kuliko wote mtu alikuwa anapanga nguo si jambo dogo. Akatazama mikono yangu.

"Miaka yote hii nilidhani huko nyuma ya pazia ulifumba macho kwa sababu maneno yanakugusa," akasema.

"Nilikuwa nakunja mashati, mdogo wangu."

"Basi nipe mstari."

Nikakaa mahali pangu pa zamani, maana yake nilivuta kiti mpaka kwenye kona kando ya dirisha, ambapo ningemwona mgongo. Nikachukua karatasi ya mkono na penseli. Nikasema, kwa sauti yangu ile ile: "Basi lete risiti yako tuone."

Akanyoosha shingo. Akaanza.

"Risiti sina, mheshimiwa karani. Ninalo jiwe. Jiwe hili halili, halinywi, haliugui. Wiki ya kwanza mizani yako ilisema kilo kumi na mbili. Wiki ya pili kumi na moja. Leo umeniandikia tisa. Sina ugomvi na wewe. Nauliza tu, kilo tatu za jiwe zimekwenda wapi, na nani amezila?"

Niliandika haraka. Hayo nilikuwa nayo, lakini niliyaandika upya kwa sababu yalikuwa yanatoka kwake. Alisema kama anasoma bei za mbegu. Kila neno lilikuwa limenyooka na safi, halina unyevu. Akageuka kidogo upande wa mlango, pale Mama anapogeukia watu, akafungua mdomo.

Akanyamaza.

Nikainua kichwa. Alikuwa amegeuza uso taratibu, kuelekea kwenye kona, kwangu. Niliujua mtazamo ule. Niliuona kwa Karani mara arobaini na moja, kwa wakulima, kwa kila mtu aliyewahi kusimama pale mbele maneno yakamkimbia. Hakuwahi hata siku moja kunitazama vile. Midomo yangu ilijifungua yenyewe, kama mguu unavyotafuta kanyagio, na ndani hamkuwa na kitu.  Sijawahi kujiona mimi ni bure kama wakati ule.

"Huwa naisema kila asubuhi," akasema baadaye. "Nikioga. Tangu nilipotoka ndani. Mwanzoni ilikuwa nzima. Kisha kila mwezi nakuta imepungua mstari, na sijui umekwenda wapi." Akagusa kichwa chake kilichonyolewa. "Kama lile jiwe la mchezo."

Nikamuuliza hapa alipoishia palikuwa na nini.

"Nageuka. Nikigeuka nawaona. Nilikuwa namtafuta mmoja, yeyote, mara nyingi mtu wa nyuma aliyesimama kwa kukosa nafasi, na namwambia yeye. Maneno yalikuwa yanakuja kwa sababu ya uso wake." Alikuwa anazungumza chini sasa, chini kuliko mimi. "Kazini kuna kioo. Nyuma ya kioo kuna mtu, lakini taa imewekwa upande wangu. Nikiinua macho najiona mwenyewe. Miaka miwili dada, nazungumza na nchi nzima na sijaona uso hata mmoja."

Nilifikiri juu ya hilo. Mimi ni mtu wa kufikiri polepole, nahitaji kukiweka kitu juu ya meza na kukigeuza. Nilikuwa nimeukumbuka mchezo wote kutoka nyuma. Sikuwahi kuuona uso wake akisema maneno yale, na yeye hakuwahi kuuona wangu akiyasema. Nikanyanyuka. Nikachukua kiti kutoka kwenye kona nikakiweka mlangoni, mbele yake, hatua nne, nikakaa nikimtazama. Sikuwa nimewahi kukaa upande ule. Nilijisikia nimekosea mahali.

"Tena," nikasema.

Alianza tena kutoka kwenye risiti. Alipofika kwenye "nani amezila" akageuka, na safari hii akakuta mtu. Alinitazama mpaka nikataka kuangalia chini. Sikuangalia.

"Wewe uliyesimama," akasema, na sauti haikuwa ya saa saba. Ilikuwa na mikwaruzo, ya mtu aliyebeba kitu kizito kutoka mbali. "Wewe uliyekosa pa kukaa. Nakujua. Mlangoni kwako nako kuna jiwe."

Sikuandika. Nilisahau kwamba nina penseli. Akaendelea.

"Usilitupe kwa mtu. Ukilitupa watasema ulikuja kupigana, na mtu aliyekuja kupigana hahitaji kupimiwa. Libebe. Liwe zito kichwani mpaka shingo ilikumbuke. Halafu..."

Midomo yake ikaendelea kusogea bila sauti, kama redio iliyopishana na kituo chake. Alinitafuta usoni, huku na huku, nami nilikaa wima nikajitahidi kuwa watu mia mbili. Nilijitahidi sana. Nilifikiria hata kusimama, niwe yule wa nyuma aliyekosa nafasi. Lakini nilikuwa mmoja, na ndani ya chumba chenye joto la pasi, na alikuwa ananijua mno. Akatikisa kichwa.

"Baada ya hapo kuna kuhusu kuandika," akasema. "Kuna 'andika mwenyewe', kitu kama hicho. Na kuna watoto. Wako karibu. Nawahisi."

Nikaandika aliyotoa, mbio, kabla hayajapoa, nikamsomea naye akarekebisha neno moja. Nikapiga hesabu yangu. Kwa mwendo aliosema, tulikuwa tumefika shati la saba. Yalibaki manne. Nilimweleza hivyo, na kwa mara ya pili akacheka kwa pua, akasema hajawahi kusikia mtu akipimiwa kwa mashati.

Honi ililia barabarani, mara moja, kwa adabu. Akaingia nyuma ya shuka akavua gauni, akatoka na nguo zake za kazi, amebeba la kijani mkononi. Akaliweka juu ya meza.

"Bado linabana?" akauliza.

"Bado."

"Basi kesho baada ya taarifa." Alishika kitasa, akasimama. "Muuguzi anaondoka lini?"

"Jumapili alfajiri."

Hakuahidi zaidi ya hapo na mimi sikumwomba. Nilisikia mlango wa gari. Pengine kesho watampa zamu nyingine. Pengine dereva ataulizwa gauni gani linajaribiwa siku mbili. Pengine atakuja, na yale mashati manne yawe yamepungua yakabaki matatu. Yote hayo niliyapanga mezani nikayaangalia, na hakuna hata moja nililoweza kulishona siku ile.

Nililoweza ni moja. Mtu mmoja hakutosha, hilo nililiona kwa macho yangu. Nikatoka nikagonga chumba cha tatu. Muuguzi alikuwa amekalia sanduku lake ili lifunge. Nikamuuliza kama kesho saa nane ana nafasi ya nusu saa, aje kwangu na kigoda chake, akae tu, atazame mtu.

"Nani?"

"Mteja. Anajaribu gauni."

Akabonyeza kufuli la sanduku. "Nije na kigoda kimoja au viwili?"

Nikafikiri ni nani mwingine ninayeweza kumwita. Nikaanza kuhesabu. Karani alihama bila kuaga na sijui alipo. Mzee wetu wa taa tulimzika mwaka jana, watu watano. Mama mwenye duka la uzi ana moyo mzuri lakini mwanawe ni askari. Nilihesabu barabara yote mpaka kona, nyumba kwa nyumba, watu ninaowajua viuno na mabega na urefu wa miguu, na sikupata mmoja ninayejua anafikiria nini.

"Kimoja," nikamwambia. "Ila mlete na dada yako, yule uliyesema atakuja kukuaga, kama unamwamini."

Akasema anamwamini ila anaongea sana. Nikasema basi mwambie kesho anakuja kusikiliza.

Nilirudi. Mkono wa gauni nikauacha bila kuubandika, nafasi tupu chini ya neno "halafu", na sahani juu yake upepo usiuchukue. Kisha nikasogeza meza ya kukatia ukutani kuona kama viti viwili na kigoda cha muuguzi vitaenea, vyote vikitazama upande mmoja. Vilienea kwa shida. Nikabadilisha kimoja, nikakirudisha. Kulikuwa na kola tatu za shule zinazotakiwa kesho asubuhi, nikaketi kuzianza, na ya kwanza nikaifikisha nusu.